Fohendi ya Mpira wa Juu: Mwongozo Kamili kwa Wachezaji wa Malindi

Katika tenisi, mpira unaowasumbua zaidi wachezaji wengi wa Malindi si ule wa kasi. Ni ule unaokuja polepole, umepita juu kabisa ya wavu, ukadunda karibu na mstari wa nyuma, kisha ukapanda mpaka begani. Mtu ana muda tele wa kuujibu, na bado anaupapasa tu, nao unaishia katikati ya wavu au unapaa hadi kwenye ua. Nimewaona vijana wenye nguvu na mbio wakitolewa jasho na mzee mgeni wa Kitaliano anayekaa nyuma na kurudisha mpira huohuo mmoja, juu, juu, juu, mpaka wenyewe wanakata tamaa.

Nimeandika hapa namna ya kuujibu mpira huo kwa fohendi, yaani mpigo wa upande wa mkono unaoshika raketi. Maelezo ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia, na wa kushoto ageuze. Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo: mpira wa juu huamuliwa na miguu, kabla haujadunda upande wako. Mkono huja baadaye, na kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini mpira unapanda

Sababu ya kwanza ni urefu ulikotoka. Kanuni za tenisi zinataka mpira mpya wa kawaida, ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, urudi kati ya sentimita 135 na 147. Yaani unarudisha zaidi kidogo ya nusu ya urefu ulioanguka. Basi mpira uliopaa mita nne juu ya kiwanja, ukiwa mpya, utarudi hadi juu ya kichwa cha mtu mzima. Mzee yule wa Kitaliano hahitaji nguvu yoyote. Anachohitaji ni kuupaisha.

Sababu ya pili ni mzunguko. Mchezaji akiusugua mpira kwa raketi inayopanda, mpira huzunguka kuelekea mbele, na huo ndio mpira wa topuspini. Hewa huukandamiza chini, hivyo huanguka ghafla na kwa wima zaidi, na ukigusa sakafu huruka juu badala ya kuteleza. Rafael Nadal, bingwa wa Uhispania, aliishi kwa mpira huo. Fohendi yake ilizunguka kwa wastani wa zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, na kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, mashindano makuu ya Ufaransa, unaoushika mpira kuliko saruji, ilipanda mabegani mwa wapinzani hata wakaonekana wafupi wote.

Sababu ya tatu ni mahali tulipo. Malindi ipo usawa wa bahari, na hewa ya chini ni nzito. Wenzetu wanaoshuka kutoka Nairobi, ambako ni karibu mita 1,800 juu, huliona hilo siku ya kwanza: mpira wa hapa unachelewa angani, na topuspini inauvuta chini mapema. Huko juu hewa ni nyepesi mno kwa mpira wa kawaida, ndiyo maana kanuni zina mpira wa aina yake kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kwako wewe wa pwani huu uzito wa hewa ni neema, kwa sababu kila mpira wa juu unakupa muda wa kupanga miguu.

Kisha kuna upepo. Viwanja vya tenisi kwa kawaida hujengwa kuelekea kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimchome mchezaji machoni. Kwa hiyo Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huvuma kwa urefu wa kiwanja, pengine kwa mshazari kidogo. Ukiwa upande wa kusini, mpinzani anapiga kukabili upepo: topuspini yake inaanguka mapema, inadunda mbele yako na kusimama wima, kana kwamba inakungoja. Hapo ingia ndani ya kiwanja, usirudi nyuma. Ukiwa upande wa kaskazini, mpira unasukumwa na upepo, unaingia ndani sana, na ukishadunda bado unazidi kukujia. Hapo anza kurudi mpira ukiwa bado upande wa mpinzani. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, geuza hesabu hiyo. Wachezaji wengi hubadilisha upande na kuendelea kusimama palepale walipozoea, kisha wanashangaa kwa nini seti ya kwanza ilikuwa rahisi na ya pili imewashinda.

Mchanga nao usiudharau. Punje za mchanga zilizopeperushwa sakafuni hufanya mpira uteleze na kukaa chini, hivyo kwenye kiwanja kimoja unaweza kupata mdundo wa begani na wa gotini kwa mpigo uleule. Chukua ufagio kabla ya kuanza, hasa eneo la nyuma ya mstari wa sevu, ule ulio kati ya wavu na mstari wa nyuma.

Uamuzi: mapema, nyuma, au begani

Una njia tatu za kuujibu mpira wa juu, na uchague moja kabla haujadunda. Mpira ukishafika begani ndipo unaanza kufikiri, umechelewa.

Ishara yako ni wavu. Tazama mpira unapita juu yake kwa kiasi gani. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa karibu sentimita 68, kwa hiyo una kipimo mkononi mwako. Kwa makadirio yangu, mpira uliopita juu ya wavu kwa urefu wa raketi mbili au zaidi, na unaelekea nyuma ya mstari wa sevu, utakufika begani ukibaki pale mstari wa nyuma. Uliopita kwa raketi moja au pungufu utakaa kiunoni. Jizoeze kukadiria hivyo hata unapotazama wengine wakicheza.

Njia ya kwanza ni kuuwahi, yaani kuupiga ungali unapanda, ukiwa kiunoni au kifuani. Hii inamnyima mpinzani muda na inakuweka mbele. Inadai macho na mpigo mfupi, kwa kuwa mdundo ukikudanganya hakuna nafasi ya kurekebisha. Kwenye kiwanja chenye nyufa au mchanga ni kamari.

Njia ya pili ni kurudi nyuma na kuungoja ushuke hadi kiunoni. Ni salama, na wengi huifundisha kama jibu la pekee. Mimi siipendi kuwa ya kwanza, kwa sababu mbili. Kila hatua ya nyuma inamfungulia mpinzani kiwanja, na mpira wako unasafiri mbali zaidi. Pia nafasi yenyewe haipo. Viwanja vya mashindano hutakiwa kuwa na mita 6.40 nyuma ya mstari, lakini viwanja vingi vya hoteli vimebanwa, na ukirudi hatua nne mgongo umegusa uzio.

Njia ya tatu ni kuupiga hukohuko juu, begani. Hii ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, maana ndiyo isiyofanyiwa mazoezi, na ndiyo inayobaki pale ambapo kuuwahi kumeshindikana na nyuma kuna ukuta.

Hesabu inayokanusha imani ya wengi

Watu wengi wakiuona mpira juu hushikwa na tamaa ya kuupigilia chini. Hebu tufanye hesabu. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77, na wavu katikati una sentimita 91.4. Simama kwenye mstari wa nyuma na upige mpira ulio sentimita 150 kutoka ardhini. Chora mstari ulionyooka kutoka hapo hadi juu kabisa ya wavu, uuendeleze mpaka uguse ardhi. Utagusa mita 30 na ushei kutoka ulipo, yaani zaidi ya mita sita nje ya kiwanja. Kwa maneno mengine, kutoka nyuma hakuna mpira wa begani unaoweza kupigwa kwa mstari wa kushuka ukapita wavu na bado ukaangukia ndani. Unaoingia huingia kwa sababu uzito wake na topuspini vimeuvuta chini njiani. Ukiukandamiza, wavu unaungoja.

Sasa sogea hadi mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka wavuni, na mpira uleule wa sentimita 150. Mstari ulionyooka unaopita juu kabisa ya wavu utagusa ardhi karibu mita mbili ndani ya mstari wa nyuma wa mpinzani. Hapo ndipo ruhusa ya kupiga kwa nguvu inapoanza.

Kwa hiyo: ukiwa nyuma, lenga juu ya wavu kwa angalau urefu wa raketi moja na upe mpira mzunguko. Ukiwa mbele, karibu na mstari wa sevu, nyoosha mpigo na umalize kazi.

Mshiko

Mpini wa raketi una pande nane, na kiganja chako kikikaa upande tofauti, urefu unaoufurahia nao unabadilika. Mshiko wa mashariki, ambao kiganja kipo nyuma ya mpini namna ya kupeana mkono, unafaa mpira wa kiunoni. Begani unalazimisha kifundo cha mkono kujikunja, na hapo nguvu inapotea. Mshiko wa nusu magharibi ndio ninaoupendekeza: laza raketi chini, bapa likitazama juu, kisha iokote kwa mpini bila kuigeuza. Kiganja kitajikuta kimekaa nyuma na chini kidogo ya mpini, na raketi itausimamia mpira wa kifuani na begani bila shida.

Mshiko wa magharibi kamili, ambao kiganja kiko chini kabisa, unaupenda mpira wa juu kupita yote. Lakini nikikumbuka mchanga wetu na mipira inayoteleza chini, siushauri kwa mtu wa Malindi anayeanza. Utashinda begani na kuteseka gotini.

Mpigo wenyewe, hatua kwa hatua

Mpinzani anapogusa mpira, ruka kidogo papo hapo, utue kwa miguu yote miwili iliyotanuka. Ruko hilo ndilo linalokuwezesha kwenda upande wowote. Asiyeruka huanza safari akiwa amesimama kwenye visigino.

Geuza mabega mara tu unapojua ni fohendi. Mkono wa kushoto ubaki umeshika shingo ya raketi mpaka mabega yamegeuka, ndipo uiachie. Kwenye mpira wa juu mikono yote ikae juu tangu mwanzo, usawa wa bega hadi jicho. Hapa ndipo tofauti na fohendi ya kawaida inapoanza: hatutaki raketi ishuke hadi gotini halafu ikimbilie begani. Safari hiyo ni ndefu, na mwishoni unausugua mpira tu bila kuusukuma.

Mkono wa kushoto nautilia mkazo. Juzi nilikuwa na kijana wa Muyeye ambaye kila mpira wa juu uliishia wavuni. Akaniambia, “Kochi, mimi mfupi. Mpira huu si wangu.” Nikamwambia, “Mwanangu, hebu cheza, nami nikutazame mkono wa kushoto tu.” Ulikuwa umening'inia pajani, kidole gumba kimeshika kiuno cha kaptura. Bega la kushoto limelala, kifua kimefunguka kabla ya wakati, na raketi inabururwa nyuma yake. Nikamtaka aunyooshe mkono ule sambamba na mstari wa nyuma, usawa wa bega, vidole vikielekea uzio wa pembeni. Mpira uliofuata ulipita juu ya wavu kwa urefu wa raketi nzima, nao ulikuwa mzito. Hakurefuka. Mkono wa kushoto ulipopanda ulilipandisha bega, mabega yakageuka sawasawa, na sasa alikuwa na kitu cha kufungulia. Mpigo ukianza, mkono huo ukunje na uulete kifuani. Usiutupe nyuma.

Sasa nafasi kati yako na mpira. Mkono ukiwa umenyooka usawa wa bega ndipo unapofika mbali zaidi kutoka mwilini. Ukishuka kiunoni, unakuwa karibu zaidi. Kwa hiyo mpira wa begani unataka nafasi pana kuliko wa kiunoni, ilhali wengi hufanya kinyume: wanausogelea hadi unawabana shingoni. Chukua hatua ndogondogo za kurekebisha, na hatua ya mwisho iwe ya kukaa kando ya mpira, wala si chini yake. Mpira ukiwa juu ya kichwa chako, hiyo si fohendi tena.

Uzito wa mwili uweke mguu wa kulia, goti limekunjwa, miguu ikiwa imefunguka nusu kuelekea wavuni. Nguvu inaanzia hapo: mguu unasukuma ardhi, nyonga inageuka, mabega yanafuata, mkono unakuja mwisho. Ukisukuma vizuri unaweza kujikuta umenyanyuka ardhini na kutua kwa mguu wa kushoto. Ni sawa, maadamu mwili ulikwenda mbele. Kurukaruka kwa makusudi ili kuufikia mpira sikupendi kwa anayejifunza, kwa kuwa kunaharibu mizani na hakuongezi mzunguko.

Raketi ishuke shubiri moja tu chini ya mpira. Shubiri moja, basi. Kiwiko kiondoke mbavuni na kipande, kifundo cha mkono kiwe kimelala nyuma na kimelegea. Kutoka hapo raketi inakwenda mbele na kushoto, ikipanda kidogo tu. Ugusane na mpira mbele ya kifua, karibu na usawa wa mguu wa mbele, bapa likiwa limeinama chini kidogo sana. Mpira ukigusana nawe kando ya sikio badala ya mbele yako, umechelewa, na chochote utakachofanya kitakuwa cha kujiokoa.

Baada ya kugusa, raketi inapita mbele ya kifua kutoka kulia kwenda kushoto kama mwalimu anayefuta ubao kwa mkono mmoja mpana, na kuishia karibu na mkono wa juu wa kushoto au chini yake, mbavuni. Isimalizikie juu ya bega la kushoto kama fohendi ya chini. Mwisho huo wa juu ndio unaoutuma mpira wa begani nje ya kiwanja. Mzunguko hapa unatokana na kusugua kwa mshazari, na kusukuma mbele ndiko kunakoupa uzito.

Kichwa kitulie. Macho yabaki pale ulipogusana na mpira mpaka raketi imemaliza njia yake.

Lenga wapi? Nakushauri kwa mshazari, ndani sana, angalau mpaka mpigo umekukaa. Kutoka kona hadi kona ya kiwanja cha mtu mmoja mmoja ni karibu mita 25.15, kwa hiyo unapata karibu mita 1.4 za ziada, na mpira unapita pale wavu ulipo chini, katikati, badala ya pembeni unakokaribia mita 1.07 za nguzo. Mpira mzito, wa ndani, kwenye kona ya mshazari unatosha.

Kusoma kosa lako

Ukienda wavuni, uliukandamiza au kiwiko kilishuka. Ukienda nje, mara nyingi uliegemea nyuma, bapa likafunguka. Ukiingia lakini ni dhaifu, uligusana nao umechelewa au ulikuwa umeubana mno. Ukienda nje upande wa kulia, mabega hayakumaliza kugeuka.

Wawili waliomshinda Nadal

Mei 31, 2009, katika raundi ya nne ya Roland Garros, Robin Söderling wa Uswidi alimtoa Nadal kwa 6–2, 6–7, 6–4, 7–6. Kabla ya siku hiyo Nadal alikuwa amecheza mechi 31 kwenye mashindano hayo bila kushindwa hata moja. Söderling ana urefu wa mita 1.93, na mipira iliyowapanda wengine mabegani yeye aliikuta kifuani. Hakurudi nyuma. Aliipiga huko juu kwa mpigo mpana ulionyooka, mmoja baada ya mwingine.

Diego Schwartzman wa Argentina ana mita 1.70. Septemba 2020, mjini Roma, naye alimshinda Nadal kwenye udongo, 6–2, 7–5. Hakuwa na urefu wa kuingoja mipira ile juu, kwa hiyo alisimama karibu na mstari na kuipiga ikingali inapanda, kabla haijampita. Wote wawili waliamua mapema wapi watakutana na mpira, kila mmoja kwa kimo chake. Mfupi akijua hilo hana sababu ya kulalamikia kimo.

Mazoezi

Anza bila mpira. Simama kando ya ukuta, weka alama ya chaki usawa wa bega lako, kisha sogea mbali na ukuta na upitishe raketi polepole usawa wa alama ile. Mwenzako atazame mambo mawili tu: mkono wa kushoto uko juu, na raketi haijashuka zaidi ya shubiri. Fanya hivyo kila unapofika uwanjani, kabla ya kufungua kopo la mipira.

Kisha jirushie mwenyewe. Bamiza mpira chini kwa mkono wa kushoto, pembeni na mbele yako, kwa nguvu ya kuupandisha juu ya kichwa. Ngoja ushuke hadi begani, upige. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mpira unashuka wima na hauna kasi ya kuazima, kwa hiyo nguvu yote lazima itoke mguuni. Ukiweza huu, wa mpinzani utauona mwepesi.

Hatua inayofuata, mwenzako asimame kwenye mstari wa sevu wa upande wako au wa upande wa pili na arushe kwa mkono, mpira udunde mbele yako na kupanda. Aanze kurusha palepale, kisha atawanye kulia na kushoto. Weka koni, au hata viatu, mita mbili ndani ya kona ya mshazari, ulenge hapo.

Baada ya hapo ndipo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Mwenzako apige mipira ya juu kwa raketi kutoka upande wa pili, na wewe upaze sauti kabla mpira haujapita wavu: “Mapema!” “Nyuma!” “Bega!” Halafu ufanye ulichosema. Ukisema na miguu ikafanya kingine, mpira huo hauhesabiwi hata kama umeingia. Hili linafundisha uamuzi, na uamuzi ndio nusu ya kazi. Siku mbili tatu za mwanzo utajikuta unatamka mpira ukiwa umeshadunda. Endelea tu.

Mwisho cheza pointi hadi kumi na moja, mmoja akiruhusiwa kupiga mipira ya juu pekee. Mshindi abaki akipiga ya kawaida, anayefungwa ajifunze kupaisha. Vijana wa hapa huligombania zoezi hili.

Angalia mipira yenyewe. Mipira ya zamani isiyo na upepo haidundi hadi begani, na ukijifunzia hiyo utashtuka siku ya mashindano. Iangushe kutoka utosini mwa mtu wa sentimita 180: mzima unarudi karibu sentimita 100, yaani kiunoni mwake. Unaoishia gotini mpe mtoto achezee barazani. Na kwa kuwa unyevu wa pwani huvimbisha manyoya ya mpira na kuufanya mzito, usiiache nje usiku.

Muda mzuri wa mazoezi ni saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi alasiri. Mchana jua letu liko juu ya kichwa kabisa, na mpira wa juu unautazama ukiwa umefinya macho.

Kwa watoto

Usimfundishe mtoto wa miaka minane fohendi ya begani kwa mpira wa manjano wa kawaida. Kwake kila mpira ni wa juu, na atajitengenezea mshiko wa ajabu ili auweze. Ndiyo sababu kuanzia 2012 kanuni za tenisi zimekataza mpira huo katika mashindano ya walio na miaka kumi au chini. Ipo mipira laini ya alama nyekundu, kisha ya rangi ya chungwa, kisha ya kijani, na kila mmoja unadunda juu kidogo kuliko uliotangulia. Mtoto aupige kiunoni kwake kwanza, apande ngazi moja moja.

Bega lako

Mpigo huu unalitumia bega kuliko fohendi ya kawaida, kwa hiyo lipashe moto kabla: zungusha mikono, vuta mkanda wa mpira wa mazoezi au kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa uzioni, kiwiko kikiwa mbavuni, ukivuta kuelekea nje na kisha kuelekea ndani. Mazoezi ya mpira wa begani yafanye mwanzoni mwa kipindi, mwili ukiwa haujachoka, na uyachanganye na volei, yaani kupiga mpira kabla haujadunda, au mipira ya chini ili bega lipumzike. Misuli kuchoka ni kawaida. Maumivu makali juu ya bega au mbele yake unapoinua mkono si kawaida. Ukiyasikia, acha njia ya tatu kwa wiki kadhaa, cheza kwa kuuwahi au kurudi nyuma mpaka mpira ushuke kiunoni, na yasipotulia nenda kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla hujarudi kupiga juu.